Kompyuta Inayogoma Asubuhi

Kuna kompyuta za mezani zinazogoma kuwaka asubuhi, lakini zikishawaka hufanya kazi mpaka jioni bila kusumbua. Mwenye nayo hubonyeza kitufe, feni ikazunguka kidogo na kusimama. Hubonyeza tena na tena, hatimaye ikawaka. Akimwita fundi mchana, fundi haoni kasoro, kwa sababu mashine iliyokwisha kupata joto huzimwa na kuwashwa bila kukataa. Mara nyingi mwisho wake ni kuwekewa Windows upya, gharama isiyo na faida yoyote, maana mashine hii hugoma kabla hata Windows haijaanza kusomwa.

Kukataa ikiwa baridi na kukubali ikiwa na joto ni dalili inayonipeleka kwanza kwenye pawasaplai, hasa kwenye kapasita zake. Hivi ni vile vikopo vidogo vya aluminiamu vinavyotunza chaji na kuutuliza umeme. Ndani yake mna karatasi iliyoloweshwa kimiminika kinachopitisha umeme. Miaka inavyopita kimiminika hicho hukauka na ukinzani wa ndani hupanda, na baridi huupandisha zaidi. Kinachozeesha kapasita haraka ni joto la kazi: kwa kanuni ya mafundi, kila joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wake hupungua kwa nusu. Pawasaplai iliyojaa vumbi, feni yake ikizunguka kwa taabu, huzeeka mapema.

Ukibonyeza kitufe, pawasaplai hutakiwa kwanza itulie. Kwa viwango vya ATX, umeme wa volti 12 usishuke chini ya 11.4 wala kuzidi 12.6, na ule wa volti 5 ubaki kati ya 4.75 na 5.25. Ukishatulia, katika muda usiofika sekunde moja, pawasaplai huijulisha madabodi kwamba umeme uko sawa. Bila ishara hiyo prosesa haianzi kazi. Kapasita zilizochoka huacha umeme uyumbe, na ishara haitoki. Hata hivyo, kila jaribio huzipasha joto kidogo, ukinzani ukashuka, na ndiyo sababu jaribio la nne au la tano hufaulu. Huko Njombe au Makete, kwenye baridi ya mwezi wa Juni na Julai, tabia hii hujitokeza waziwazi zaidi.

Jambo la pili ni swichi ya ukutani. Kompyuta iliyozimwa lakini bado imechomekwa hupata volti 5 za kusubiri, na umeme huo huziacha baadhi ya kapasita zikiwa na chaji usiku kucha. Wengi wetu huzima ukutani, na kwa umeme wetu unaokatika ovyo hilo ni jambo la busara. Lakini kwa uchunguzi, acha swichi ikiwa imewashwa usiku mmoja. Asubuhi ikiwaka mara moja, shaka juu ya pawasaplai imeongezeka.

Kisha azima pawasaplai nzima ya kompyuta nyingine inayolingana nayo, uifunge asubuhi mashine ikiwa bado ya baridi. Jaribio la mchana halithibitishi chochote. Ikigoma hata kwa pawasaplai hiyo, angalia kapasita za madabodi zilizo karibu na prosesa: zilizovimba kichwani au kuvuja ute wa kahawia zimekwisha. Kasoro hii ilienea sana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta zake za OptiPlex zilizokuwa na kapasita mbovu.

Dalili zikiwa nyingine, tafuta kwingine. Feni zikizunguka huku skrini ikiwa giza na mlio ukisikika, shughulikia ramu kwanza: ichomoe, safisha meno yake kwa kifutio, irudishe. Saa ya kompyuta ikirudi miaka ya nyuma, badilisha betri ya CR2032.

Pawasaplai yenyewe usiifungue kama si fundi wa elektroniki. Kapasita yake kubwa inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na volti hizo zinaua. Ukimpa fundi kazi ya kubadilisha kapasita, mwambie aweke zenye maikrofaradi zilezile, volti zisizopungua za mwanzo, ukinzani mdogo, na zinazostahimili nyuzi 105. Pawasaplai ya bei nafuu ni afadhali kuibadilisha yote.

Na kama kompyuta yako imeanza kugoma hivi, leo jioni kabla hujaizima nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje. Usingoje asubuhi nyingine.