Uziwi Unaokuja kwa Hatua

Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, ni mji wa lugha nyingi. Nyumbani mtoto husikia Kinyarwanda. Sokoni na mpakani, pale Petite Barrière wanapovuka wachuuzi wa Goma kila asubuhi, husikia Kiswahili, na akianza shule hukutana na Kiingereza, huku Kifaransa kikiwa bado vinywani mwa wakubwa. Kwa hiyo mtoto akichelewa kusema, jibu la kumtuliza mama liko tayari: lugha zimemchanganya, ataongea tu. Na yule aliyekwisha kuongea vizuri, kisha akaanza kutoitika anapoitwa, huambiwa ni mkaidi. Majibu haya yote mawili yanapoteza muda ambao mtoto hana. Wingi wa lugha haumfanyi mtu kuwa bubu. Watoto wa kandokando ya Ziwa Kivu wamekua na lugha mbili tatu vizazi kwa vizazi. Ila upo uziwi ambao siku ya kuzaliwa haujajitokeza, unaoingia baadaye kwa hatua, leo ukichukua sauti nyembamba, mwaka ujao ukichukua mazungumzo. Baadhi ya uziwi huo una asili yake katika majimaji ya sikio la ndani na mifereji yake, na ukiufuatilia utaona kwa nini kumpima mtoto usikivu mara moja tu hakutoshi.

Sikio la ndani limezikwa katika mfupa wa panja, na sehemu inayolifunika ni miongoni mwa mifupa migumu kabisa mwilini. Humo mna koklea, iliyojiviringa kama konokono kwa mizunguko miwili na nusu hivi. Ingenyooshwa, urefu wake ungekuwa takriban milimita 35. Jirani yake mna mirija mitatu ya nusu duara inayoupa ubongo habari za mwendo wa kichwa, na kwa hiyo kumwezesha mtu kutembea bila kuyumba. Vyumba vyote hivi vimejaa majimaji ya aina mbili yasiyochanganyika. Perilimfu, iliyo upande wa nje wa utando, ina sodiamu nyingi. Endolimfu, iliyo ndani ya utando, ina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo mno. Tofauti hiyo inakwenda pamoja na umeme wa takriban milivolti 80, na bila umeme huo seli za vinyweleo haziwezi kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa neva. Seli hizo ni kama 15,000 katika kila sikio, na kwa binadamu zikifa hazioti upya. Mwanzoni mwa miaka ya 1760, Domenico Cotugno wa Napoli alionyesha kwamba sikio la ndani limejaa maji, wakati wataalamu tangu kale waliamini limejaa hewa, akaeleza pia mifereji miwili membamba inayopenya mfupa. Mmoja unaunganisha perilimfu na majimaji yanayozunguka ubongo. Wa pili, mfereji wa vestibuli, una mrija wa endolimfu unaoishia kwenye kifuko kidogo chini ya utando wa ubongo, na kifuko hicho husaidia kuweka sawa kiasi na kemia ya majimaji. Mafuta au dawa ya majani inayodondoshwa kwenye tundu la sikio huishia kwenye kiwambo cha sikio. Haifiki huku, na kiwambo kikiwa kimetoboka inaweza kudhuru.

Mfereji huo wa pili ndio unaotuhusu zaidi. Mwaka 1791 Carlo Mondini wa Bologna alichunguza masikio ya marehemu wa miaka 8 aliyekuwa kiziwi tangu kuzaliwa, akakuta koklea isiyokamilisha mizunguko yake na mfereji wa vestibuli uliopanuka. Ilibidi kungoja picha za eksirei za karne ya 20 ili kasoro hiyo ionekane kwa watu walio hai. Mwaka 1978 Galdino Valvassori na Jack Clemis wa Marekani waliipa maelezo ya kitabibu, wakisema mfereji unahesabiwa kuwa mpana ukizidi milimita 1.5 katikati ya urefu wake. Kasoro ni ya tangu tumboni, lakini si lazima madhara yake yaonekane siku ya kwanza. Wapo watoto wanaosikia wakiwa wachanga, wakajifunza maneno, kisha usikivu ukashuka ghafla, ukarudi kidogo, ukashuka tena. Pengine ni baada ya kuanguka na kugonga kichwa, pengine ni baada ya homa, na mara nyingi hakuna sababu inayoonekana. Wengine huyumba au hushikwa na kizunguzungu.

Watafiti wa mwanzo walidhani kwamba mfereji mpana huruhusu majimaji ya kifuko kurudi nyuma na kuunguza koklea. Maelezo hayo yanavutia kwa wepesi wake, lakini hayajasimama imara. Upasuaji uliojaribu kukausha au kuziba kifuko haukuokoa usikivu, na kwa baadhi ya wagonjwa uliumaliza kabisa. Ushahidi wenye uzito zaidi umetoka kwenye vinasaba. Mwaka 1896 daktari Mwingereza Vaughan Pendred aliandika juu ya dada wawili viziwi wenye rovu shingoni, ugonjwa uliokuja kuitwa wa Pendred, ambao kwa kawaida huandamana na mfereji huo mpana. Miaka 101 baadaye, mwaka 1997, kilipatikana kinasaba kinachohusika, SLC26A4, kinachotengeneza protini iitwayo pendrini. Protini hiyo inafanya kazi shingoni na sikioni. Katika tezi ya shingo hupitisha madini joto. Katika sikio hushughulikia klorini na bikaboneti, na kwa njia hiyo huzuia endolimfu isiwe na asidi. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba pendrini ikikosekana katika kifuko wakati mimba inakua, vyumba vya sikio huvimba na panya huwa kiziwi. Ikirudishwa hapo katika kipindi hicho kifupi, panya husikia. Kwa hiyo nakubaliana na wanaosema kwamba upana wa mfereji ni alama ya kasoro iliyotangulia, wala si adui wa kushambuliwa kwa kisu.

Rovu na uziwi kwa pamoja si jambo la kigeni katika bonde la Kivu, na hapa inabidi kuwa makini. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa hilo hilo upande wa Kongo, François Delange na André-Marie Ermans walifanya uchunguzi uliojulikana dunia nzima, uliochapishwa mwaka 1971. Madini joto yalikuwa haba kisiwa kizima, lakini kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, na kusini magharibi ilikuwa kama asilimia 5 tu. Walihusisha tofauti hiyo na chakula, hasa muhogo, ambao sumu yake ikigeuzwa mwilini huzuia tezi kupata madini joto. Upungufu mkubwa wa madini hayo wakati wa ujauzito unaweza pia kuharibu sikio la kijusi. Ndiyo sababu daktari wa Rubavu akimwona kijana kiziwi mwenye rovu ana haki ya kufikiria kwanza chakula. Lakini chumvi yenye madini joto sasa ndiyo inayouzwa madukani Rwanda. Familia inayoitumia ikiwa na kijana wa aina hiyo, na ndugu zake wengine hawana rovu, ugonjwa wa Pendred unastahili kuulizwa. Rovu lake kwa kawaida hujitokeza karibu na balehe, wakati uziwi umetangulia kwa miaka.

Atakayenipinga atasema huu ni ugonjwa adimu, na wilaya yenye malaria na nimonia haina nafasi ya kuhangaikia milimita 1.5. Nakiri kwamba takwimu ninazozijua ni za Marekani, ambako mfereji mpana huonekana kwa asilimia 5 hadi 15 ya watoto wenye uziwi wa neva, na haifai kuzibeba kama zilivyo hadi Rubavu. Lakini hoja yangu haisimami juu ya ugonjwa huu peke yake. Virusi vya saitomegalo vilivyompata mtoto tumboni vinaweza kuleta uziwi miaka baadaye. Homa ya uti wa mgongo inaweza kuua seli za vinyweleo katika siku chache. Jentamaisini, inayookoa wachanga wengi, inaweza kuzidhuru. Usaha wa sikio la kati hula usikivu polepole. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilihesabu watu milioni 430 wanaohitaji huduma kwa sababu ya kupoteza usikivu, na likasema asilimia 60 ya uziwi wa watoto una vyanzo vinavyoweza kuzuiwa. Rwanda inajua kuzuia: mwaka 2013 ilitangulia nchi nyingi za Afrika kuanza kutoa chanjo ya surua na rubela kwa pamoja, na rubela ya mama mjamzito ni chanzo kinachojulikana cha uziwi. Chanjo hiyo hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na 15. Mama yupo kituoni, mtoto yupo mapajani. Kupima usikivu kwa kifaa kidogo cha kuweka sikioni huchukua dakika chache. Kipimo kingine kifanyike anapoanza shule.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: tukishagundua, tutafanya nini? Ni kweli, mfereji hauzibwi, na skana ya kuuonyesha mara nyingi humaanisha safari ya Kigali. Hata hivyo, mashine ya kusikia humsaidia mtoto mwenye mabaki ya usikivu, na kipandikizi cha koklea huwafaa wengi wa watoto hawa wakishakuwa viziwi kabisa, kwa anayeweza kukipata. Muhimu kuliko vyote ni lugha. Mtoto asiyesikia anahitaji lugha ya ishara mapema, kabla miaka ya kwanza haijapita bure, na Umoja wa Kitaifa wa Viziwi wa Rwanda umekuwa ukiidai haki hiyo tangu ulipoanzishwa mwaka 1989. Wilaya jirani ya Nyabihu ina shule ya watoto viziwi. Kuhusu kulinda kichwa, wataalamu hawajakubaliana ni kiasi gani kunasaidia. Kofia ngumu kwenye pikipiki na kuacha ndondi ni busara. Kumfungia mtoto ndani asicheze na wenzake ni adhabu isiyo na ushahidi.

Na mama asilaumiwe. Ugonjwa wa Pendred hurithiwa kwa wazazi wote wawili, ambao kila mmoja hubeba nakala moja yenye kasoro na mwenyewe anasikia vizuri. Kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Hakuna laana hapo, wala kosa la upande mmoja wa ukoo. Mzazi anayeona mtoto aliyekuwa akiitika ameacha kuitika asingoje akue: amfikishe hospitali siku hiyo hiyo, aeleze lini alisikia na lini aliacha, na aombe apimwe tena hata kama alishapimwa akiwa mchanga.