Haki katika Mpito wa Mabasi ya Shule Yanayotumia Umeme: Funzo kutoka Marekani

Utangulizi

Nchini Marekani, mabasi ya manjano yapatayo 480,000 huhudumia wanafunzi, na mengi bado huendeshwa kwa dizeli. Mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliutaja moshi wa dizeli kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Moshi huo huchochea pia pumu, ambayo nchini humo huwaathiri zaidi watoto Weusi na wa familia maskini. Watoto wa familia maskini ndio pia wanaotegemea basi la shule kuliko wenzao. Makala haya yanafafanua kwamba haki katika mpito huu huamuliwa na majibu ya maswali matatu: nani apewe kwanza, apewe pamoja na nini, na basi kuukuu liende wapi.

Nani Apewe Kwanza

Basi la umeme huuzwa kwa takriban mara tatu ya bei ya basi la dizeli, ingawa gharama zake za nishati na matengenezo ni ndogo. Soko likiachwa peke yake, wilaya tajiri hutangulia. Sheria ya miundombinu ya Novemba 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa ajili ya mabasi safi ya shule, kuanzia 2022 hadi 2026. Katika awamu ya kwanza, maombi yapatayo 2,000 yalihitaji karibu dola bilioni 4, ilhali fedha zilizotolewa hazikufika bilioni 1. Wapokeaji walipatikana kwa kura ya bahati nasibu iliyotanguliza wilaya za kipato cha chini, za vijijini na za jamii za wenyeji asilia. Laiti aliyewahi ndiye angepewa, wilaya zenye wataalamu wa kuandika maombi zingejitwalia fungu kubwa.

Apewe Pamoja na Nini

Basi lisilo na chaja halifiki shuleni. Awamu hiyo iliruhusu wilaya zilizopewa kipaumbele kupata hadi dola 375,000 kwa basi kubwa la umeme na hadi dola 20,000 za miundombinu ya kuchaji. Hata hivyo, haikugharamia kazi za upande wa kampuni ya umeme, kama vile transfoma mpya. Vijijini, njia ndefu na baridi kali hupunguza umbali ambao betri huweza kumudu. Aidha, fundi wa dizeli asipofunzwa umeme wa volti za juu, mpito humwacha nyuma.

Basi Kuukuu Liende Wapi

Kwa kawaida, masharti yalitaka basi la dizeli la mwaka 2010 au la kabla ya hapo liharibiwe kabisa. Lingeuzwa, moshi ungehamia kwa watoto wengine. Sharti hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki, ambao huagiza kwa wingi magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo.

Hitimisho

Ruzuku pekee haileti haki. Sera inayokusudia kumlinda mtoto maskini haina budi kujibu maswali yote matatu kabla ya basi la kwanza kununuliwa. Likikosekana jibu la moja, anayevuta moshi leo ndiye atakayeuvuta kesho.