Ganda la Tembe Si Pambo

Magoti ya nyanya yangu yalichoshwa na vilima vya Othaya, alikopanda na kushuka miaka mingi akiwa na kikapu cha majani chai mgongoni. Alipoandikiwa tembe za diklofenaki, kumeza kulimshinda. Basi mimi, ninayejiita msomi, nikaziponda baina ya vijiko viwili na kumtilia katika uji. Siku ya tatu alilalamika kwamba tumbo lamchoma kama kaa. Ndipo mwuza dawa mmoja mjini Nyeri aliponiuliza, "Kwani ulidhani ganda lile ni pambo?"

Tumbo lina asidi kali, ambayo pH yake huwa kati ya 1 na 3. Katika utumbo mdogo asidi hiyo hupozwa, na pH hupanda hadi 6 na zaidi. Wahandisi wa dawa wameigeuza tofauti hiyo kuwa ufunguo. Huifunika tembe kwa utando wa polima ambayo molekuli zake zina vikundi vya asidi. Tumboni, vikundi hivyo hushikilia haidrojeni yao na utando hauyeyuki. pH ikipita 5.5 au 6, kutegemea polima iliyochaguliwa, huiachilia na utando ukayeyuka. Kweli, diklofenaki yaweza kulidhuru tumbo hata kupitia damu, lakini kulivunja ganda ni kuchochea moto.

Ajabu zaidi ni omeprazoli, dawa ya wenye vidonda vya tumbo. Huharibiwa na asidi ileile inayotumwa kuipunguza! Kwa hivyo hufunikwa ipite tumboni salama, inyonywe na utumbo mdogo, kisha irudi kwa njia ya damu hadi kwenye ukuta wa tumbo. Ni mgeni aliyefukuzwa mlango wa mbele akaingilia wa jikoni.

Hayo nani huyaeleza? Mgonjwa wa Karatina au Nanyuki hupewa bahasha ndogo iliyoandikwa 1x2, basi. Onyo la kutoponda limo katika karatasi ya Kiingereza iliyobaki dukani. Nanyi walimu wa kemia, tumbukizeni aspirini yenye ganda la namna hii katika siki, na nyingine katika maji ya magadi, wanafunzi wajionee.

Nyanya alibadilishiwa dawa na daktari. Sasa hupaka jeli magotini, na uji wake hunywa bila kuniuliza nimetia nini.