Kusoma Picha ya Kifua

Ukipelekwa kupigwa radio ya kifua, pengine utaona munganga na wanafunzi wake wakisimama mbele ya picha yako, wakisemezana sana. Usiogope. Wanajifunza kusoma.

Picha hiyo inafanywa kwa nuru isiyoonekana kwa macho. Röntgen, mtu wa Ujerumani, aliivumbua mwaka 1895. Hewa inaiacha nuru hiyo ipite, mifupa inaizuia. Kwa hiyo mapafu yenye hewa yanaonekana meusi, na mifupa myeupe. Maji au usaha ukiingia mahali pa hewa, pale panakuwa peupe.

Mwanafunzi mpya anakimbilia doa jeupe na kusema, “Kifua kikuu!” Mwalimu anamwambia, “Anza tena.” Kwanza asome jina, asije akampa mtu dawa ya mwingine. Atazame alama ya kuume na kushoto. Aangalie kama mgonjwa alivuta pumzi sana. Asipovuta, mapafu mazima yanaweza kuonekana kama yenye ugonjwa. Kisha atazame mifupa, na moyo, na kiwambo kilicho chini ya mapafu. Mwisho alinganishe pafu la kuume na la kushoto, toka juu mpaka chini. Akiona doa moja asiache kutafuta. Pengine liko la pili.

Lakini doa hilo ni la nini? Nimonia inaleta doa. Kansa inaleta doa. Hata kovu la ugonjwa uliopona zamani ni doa. Picha inaonyesha mahali pa ugonjwa; mara nyingi haitaji jina lake. Tukikosea, mmoja atameza dawa miezi 6 bure, na ugonjwa wake wa kweli unaendelea. Mwingine atarudi nyumbani na kifua kikuu chake. Huku Masereka, kwenye milima ya baridi, tunalala pamoja na kufunga madirisha. Watoto wake watapona namna gani?

Basi usiseme, “Nimekwisha kupigwa radio, makohozi ni ya nini?” Toa makohozi ya kifuani, si mate ya mdomoni. Sema kweli: umekohoa majuma mangapi? Ulikwisha kumeza dawa za kifua kikuu? Nani nyumbani anakohoa? Mama mwenye mimba aseme mbele ya kupigwa picha. Vua mkufu, vuta pumzi, uishike.

Munganga anasoma picha, lakini habari iliyobaki ni wewe unayo.