Theluji Jangwani: Wingu Hufanya Kazi Gani?



Tukisikia neno jangwa, wengi wetu tunafikiria mchanga, jua kali na ngamia. Mtu akituambia kwamba huko huko theluji imeanguka juu ya mchanga, tutasema anatutania. Lakini ni kweli, na ndani yake mna somo la mawingu linalotufaa hata sisi wakulima.

Mji wenyewe

Aïn Séfra ni mji mdogo magharibi ya Algeria, mlangoni mwa jangwa la Sahara. Una vilima vya mchanga, na umezungukwa na milima ya Atlas. Uko juu, zaidi ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Desemba 2016, na tena Januari 2018, theluji ilianguka hapo. Mchanga mwekundu ukavaa nguo nyeupe! Haikudumu, ikayeyuka.

Wingu ni kitu gani?

Wengine husema eti wingu ni moshi. Sivyo. Chemsha maji katika sufuria, funika, kisha inua kifuniko. Utaona matone kwa ndani. Maji yaligeuka mvuke. Mvuke ulipogusa kifuniko ukapoa, ukarudi kuwa maji.

Angani ni vivyo hivyo. Jua hupasha moto bahari na maziwa, maji yakageuka mvuke tusioweza kuuona. Hewa yenye mvuke ikipanda hupoa. Ukipanda meta 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Ndiyo maana Kilimanjaro ina barafu ingawa iko karibu na Ikweta. Mvuke ukipoa hushika vumbi dogo la hewani, ukawa vitone vya maji. Vitone hivyo vingi pamoja ndiyo wingu. Ni vidogo mno: tone moja la mvua laweza kuwa na vitone kama milioni moja.

Kukiwa na baridi kali sana, wingu hufanya chembe za barafu. Chembe zikishikana na kufika chini bila kuyeyuka, hiyo ndiyo theluji. Basi theluji yataka vitu viwili pamoja: baridi na unyevu. Aïn Séfra baridi huja kila mwaka, Desemba mpaka Februari. Kilicho adimu ni unyevu.

Wingu ni blanketi

Mchana ardhi hupata joto, usiku hulitoa. Mawingu huzuia sehemu ya joto hilo na kulirudisha chini, kama blanketi. Jangwani mara nyingi hakuna mawingu na hewa ni kavu, kwa hiyo joto huenda zake na watu hutetemeka. Wenzetu wa Njombe na Makete wanalijua hili. Usiku wa Juni au Julai, anga ikiwa safi na upepo umetulia, asubuhi sakitu imeunguza viazi.

Kufa maji jangwani

Tarehe 21 Oktoba 1904, mafuriko ya ghafla yaliingia Aïn Séfra na kubomoa nyumba za udongo. Mmoja wa waliokufa ni Isabelle Eberhardt, mwandishi mzaliwa wa Uswisi, mwenye umri wa miaka 27. Mtu kufa maji jangwani! Imekuwaje?

Ardhi kavu iliyo ngumu hainywi maji upesi. Mvua kubwa ikinyesha milimani, maji yote hukimbilia bondeni kwa pamoja.

Nasi tuliwahi kufika kwenye korongo kavu tukienda kutembelea darasa. Jua lilikuwa linawaka. Mzee mmoja akatuzuia: "Walimu, ngojeni kwanza. Tazameni kule mlimani." Tukaona wingu nene, jeusi chini, kichwa kimepanda kama mnara. Tulinung'unika, lakini tukangoja. Haukupita muda, maji yakaja yakivingirisha magogo. Baiskeli zetu, na sisi wenyewe, tungekwenda nayo.

Basi, ndugu, wingu la namna hiyo likisimama upande yanakotoka maji, usivuke korongo, hata kama ulipo hakuna tone. Waite watoto na mifugo watoke humo. Kuchelewa si kufa.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini usiku usio na mawingu huwa na baridi zaidi?
2. Theluji yahitaji vitu gani viwili?
3. Katika kijiji chenu, ni korongo lipi la hatari, na mvua yake hunyesha wapi?