Skafu Shingoni: Gharama ya Kumwingiza Mtoto Skauti Sumbawanga

Mwenge wa Uhuru ukiingia Sumbawanga, watoto wa darasa la kwanza na la pili hawautazami mwenge tu. Macho yao yako kwa kijana wa skauti anayesogea mbele kikakamavu, anapiga saluti, kisha anamvisha mgeni skafu shingoni. Jioni, nyumbani Chanji, Izia au Kizwite, mzazi anasikia ombi: "Mama, na mimi nitavaa lini ile?" Mama naye anamkumbuka fundi cherehani. Anapiga hesabu ya shati la kaki, kaptura, skafu, kofia, mkanda na beji, na kabla hajafika mwisho ameshajibu, "Subiri mwakani, mwanangu."

Makala haya nimemwandikia mzazi huyo. Naamini ameanzia hesabu mahali pasipofaa. Sare ndiyo gharama inayoonekana kwa macho, lakini kuna kubwa kuliko hiyo, na kuna zinazotangulia.

Tuchukue mfano. Tuseme fundi wako na duka la vifaa kwa pamoja wamekutoza shilingi 40,000 kwa sare nzima, na kundi linakutana Jumamosi 36 kwa mwaka. Hiyo ni kama shilingi 1,100 kwa kila Jumamosi, na mwaka wa pili mtoto bado anaivaa ikiwa uliacha pindo la kushusha. Sasa tuseme kundi liko mbali na kwenu, na mtoto wa miaka saba hawezi kutembea peke yake. Bodaboda shilingi 1,000 kwenda, 1,000 kurudi: kwa Jumamosi hizo 36 umetoa shilingi 72,000, na ukipanda naye ni zaidi. Weka bei zako halisi za leo katika hesabu hiyo, kisha uone kama jibu litageuka. Kwa familia nyingi za mjini kwetu halitageuka. Kundi la jirani lenye sare ya gharama litakuwa nafuu kuliko kundi la mbali lisilodai sare kabisa.

Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi liwe umbali. Skauti wengi nchini wako chini ya shule zao, na kwa kawaida mwalimu mmoja ndiye anayebeba jukumu. Kama shule anayosoma mwanao ina kundi, nauli imeondoka. Kama haina, muulize mwalimu mkuu ni shule gani ya karibu inayo, au mtafute Kamishna wa Skauti wa Wilaya akuelekeze. Usitegemee pia kwamba shule italipia. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Fedha hiyo haina nafasi ya mahema.

Sare yenyewe ina njia za kupunguzwa. Kitambaa cha mraba cha mita moja kwa mita moja ukikikata pembe kwa pembe unapata skafu mbili, kwa hiyo wazazi wawili wakinunua pamoja kila mmoja analipa nusu. Kibanio cha skafu mtoto anaweza kukisuka mwenyewe kwa kamba, na akikisuka amejifunza kitu. Shati la kaki hupatikana kwenye mitumba. Beji ndiyo isiyoigwa. Hiyo inunuliwe kwa kiongozi, kwa risiti, na baada ya mtoto kutoa ahadi yake.

Hapo ndipo ushauri wangu mkubwa kuhusu sare ulipo: usishone kabla ya muhula mmoja kwisha. Mtoto wa miaka saba anaweza kupenda skafu mwezi Februari na kuikataa mwezi Mei. Utaratibu wa skauti tangu zamani ni kwamba mtoto huanza kama mgeni, hujifunza ahadi, sheria na saluti, kisha ndipo huapishwa na kuvishwa skafu. Kiongozi anayedai sare kamili siku ya kwanza anaigeuza kuwa kiingilio, na mtoto wa mkulima wa Molo au Ntendo anaachwa nje ya mlango.

Skauti wadogo wanaitwa kabu. Baden-Powell alianzisha skauti kwa kambi ya kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, na alikusudia vijana wakubwa kidogo. Wadogo zao hawakukubali kubaki nyumbani, wakawa wanawafuata, na mwaka 1916 akawafungulia kundi lao. Michezo yao aliiweka juu ya hadithi za wanyama za Rudyard Kipling, ndiyo maana hadi leo viongozi wengi wa kabu huitwa Akela, jina la mbwa mwitu mkuu. Skauti iliingia Tanganyika mwaka 1917. Nayasema haya kwa sababu yanahusu mfuko. Kabu halisi ni hadithi, michezo, nyimbo, vifundo vya kamba na matembezi mafupi, na hakuna kati ya hivyo kinachonunuliwa. Bibi wa Kifipa mwenye hadithi za Sungura na Fisi, akialikwa Jumamosi moja, anatoa somo lisilopatikana kwenye duka lolote la vifaa.

Wazazi na mababu wana jambo moja la kuelezwa mapema. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Kwetu mtoto akimpa babu mkono wa kushoto amevunja adabu, na nimeona mzee akinuna mchana kutwa kwa sababu hiyo. Mfundishe mtoto kwamba salamu ile ni ya skauti kwa skauti, katika kundi lao. Kwa babu, bibi, shangazi na wageni, ni mkono wa kulia na shikamoo kama kawaida. Kiongozi mwenye busara hulisema hili mbele ya wazazi siku ya kwanza.

Kabla hujaamua, angalia pia yaliyopo jirani. Chama cha Girl Guides, kilichoanza nchini mwaka 1928, ni cha wasichana, na mama ambaye hataki binti yake aende kambi ya mchanganyiko atapata utulivu wa moyo huko. Ukanda huu wa Ufipa umejaa parokia za Kikatoliki, na Utoto Mtakatifu unakusanya watoto wadogo karibu na nyumbani. Shirika hilo lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, na tangu mwanzo aliwaomba watoto sala fupi kila siku na sarafu ndogo kila mwezi ili kuwasaidia watoto wenzao. Kwa fedha, ni vigumu kupata kilicho nafuu zaidi. Lakini ni malezi ya imani. Vifundo, ramani na kupiga kambi si shabaha yake. Waadventista Wasabato wana kundi la wadogo wa miaka 6 hadi 9, na Watafuta Njia wa miaka 10 hadi 15, ambao kwa ufundi wa porini, gwaride na beji wanakaribiana sana na skauti, na sare yao nayo inahitaji fedha. Wanapokea hata watoto wa nje ya kanisa, ila mzazi aingie akijua kwamba mafundisho ya dini ni sehemu ya ratiba. Familia ya Kiislamu itazame kwanza saa za madrasa, kwani mara nyingi ni Jumamosi na Jumapili asubuhi. Kundi la skauti linalokutana alasiri ndilo litakaloifaa.

Kwa asiye na uwezo wa sare ya aina yoyote, klabu ya Roots & Shoots, aliyoianzisha Jane Goodall mwaka 1991 Dar es Salaam pamoja na wanafunzi 12, inaweza kuendeshwa na mwalimu yeyote shuleni. Haidai sare. Watoto wanapanda miti, wanatunza vyanzo vya maji na wanyama. Kwa mji ulio chini ya Milima ya Mbizi, ambayo misitu yake inahitaji watu wa kuilinda, hiyo ni kazi ya maana kabisa. Mtoto anayependa miche kuliko gwaride nitampeleka huko bila kusita.

Sasa kambi, na hapa ndipo wazazi wengi wanaposhtukizwa. Mwaka mmoja nililetewa barua ya kambi siku tatu kabla ya safari: mchango, godoro dogo, blanketi, sahani, kikombe, tochi. Mtoto alikuwa tayari amewaaga rafiki zake. Nilikopa. Kundi silitaji, na nia yao ilikuwa njema, lakini tangu hapo nauliza tarehe ya kambi siku ninayoandikisha mtoto.

Likizo ndefu ya katikati ya mwaka ni Juni, na Juni ndiyo baridi ya Ufipa inapokolea. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Orodha za vifaa vya kambi zilizoandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam au Tanga hazitufai. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, achana na kofia ya skauti, nunua sweta zito na blanketi. Mtoto atavitumia shuleni na nyumbani mwaka mzima. Kambi ikiwa bondeni kuelekea Muze na Ziwa Rukwa, joto linapanda na mbu wapo, basi chandarua kinatangulia. Kwa kabu, hata hivyo, sioni haja ya kulala nje kabisa. Matembezi ya mchana hadi miguuni mwa Mbizi, au kwenda kuona mabaki ya malungu, tanuru ambamo mababu zetu Wafipa walifua chuma, yanatosha na gharama yake ni chakula cha mkobani. Maporomoko ya Kalambo, yanayoanguka zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia, wayasubiri wakubwa. Safari hiyo inataka gari na watu wazima wengi.

Michango nayo ina msimu. Januari na Februari mkulima amemaliza fedha kwenye mbolea, madaftari na viatu vya shule. Mahindi yanauzwa baada ya mavuno, kuanzia Julai hivi. Kundi likikubali ada ilipwe kidogo kidogo, sehemu kubwa baada ya mavuno, familia nyingi zitaingia bila kukopa. Wazazi waombe hivyo pamoja, kwenye kikao, kwa heshima.

Kitu ambacho fedha haipimi ni mtu mzima utakayemwachia mtoto. Muulize kiongozi ana mafunzo gani, nani msaidizi wake, na kama kuna mwanamke kwenye kundi lenye wasichana. Mtu mzima asibaki faraghani na mtoto mmoja; wawili wawepo daima. Kiongozi mzuri hachukizwi na maswali haya. Ukiona jambo linalotia shaka, namba 116 ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure.

Tena, kaa naye. Marekani, kundi la skauti la Tiger lililoanzishwa mwaka 1982 kwa ajili ya wadogo lilijengwa juu ya kanuni kwamba mtoto anahudhuria na mtu mzima wake. Sisi hatuna haja ya kanuni iliyoandikwa. Baba akikaa chini ya mti Jumamosi nne za mwanzo, atajua kama watoto wanacheza au wanasimamishwa juani kwa gwaride tu, atamfahamu kiongozi, na huenda akaombwa kufundisha kufunga kamba kama anavyofunga magunia yake.

Uamuzi wangu kwa mtoto wa miaka 7 hadi 9 ni huu: kabu wa shule iliyo karibu, muhula mmoja bila sare, sweta kabla ya kofia, bila kulala kambini hadi afikishe miaka 10. Kama shule haina kabu, Utoto Mtakatifu au Roots & Shoots kwa sasa, na skauti baadaye. Jumamosi ijayo nenda naye kwa miguu, mtazame hadi mwisho wa mkutano, na mkiwa njiani kurudi mwombe akufundishe wimbo aliojifunza. Kwa fundi cherehani mtakwenda muhula ukiisha.