Mtoto Asome, Kisha Aulize



Juma lililopita nilikwenda kumjulia hali bibi mmoja, jirani yangu hapa Elerai. Nilimkuta barazani na mjukuu wake, binti wa darasa la sita, akimsomea karatasi iliyoletwa na mtu aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba. Karatasi ile ilieleza habari za kikundi cha fedha. Ilisema kwamba mwanachama akitoa shilingi elfu hamsini, baada ya miezi mitatu atapokea laki moja na nusu. Kwamba maelfu ya watu wamekwisha kunufaika. Kwamba nafasi zilizobaki ni chache. Na kwamba mwenye busara hachelewi.

Yule binti alisoma vizuri sana. Hakukwama hata neno moja, na penye mkato alipumzika. Alipomaliza, bibi yake akamwuliza, "Sasa, mjukuu wangu, unanishaurije?" Binti akaitazama tena karatasi, kisha akajibu, "Bibi, wamesema ni nzuri."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nichague mazungumzo ya juma hili. Katika nyumba nyingi za huku kwetu, tangu mjini hadi miteremko ya Mlima Meru, mtoto wa shule ndiye msomaji wa nyumba. Ndiye asomaye barua ya serikali ya mtaa, masharti ya mkopo, maelezo ya dawa ya mifugo na ujumbe wa simu. Wazee humtegemea. Iwapo anaweza kutamka kila neno lakini hawezi kupima hoja iliyomo, basi nyumba nzima imo hatarini, na kibaya zaidi ni kwamba inajiona salama kwa kuwa ina msomaji.

Hoja ni nini? Watu wengi wakisikia neno hili hufikiri ni ubishi. La hasha. Hoja ni dai pamoja na sababu zinazolishikilia. Wakulima wa Meru wataelewa upesi nikisema hivi: mgomba wenye mkungu mzito huwekewa nguzo ili usianguke. Mkungu ni dai. Nguzo ni sababu. Lakini pembeni mwa mgomba huo yapo pia majani mengi yanayopendeza machoni na yasiyozuia chochote. Kazi ya msomaji ni kutofautisha nguzo na majani. Kipimo chake ni rahisi: iondoe sentensi hiyo, kisha utazame. Kama dai limeyumba, sentensi ile ilikuwa nguzo. Kama dai limesimama vile vile, yalikuwa majani.

Mtoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minne, yaani wa madarasa ya juu ya shule ya msingi au vidato vya kwanza vya sekondari, anaweza kabisa kujifunza kazi hii. Anahitaji maswali manne tu.

Swali la kwanza: Mwandishi anataka nikubali nini, au nifanye nini? La pili: Ametoa sababu gani? La tatu: Sababu hizo zina ushahidi gani, na ushahidi huo nitaupata wapi nikiutaka? La nne: Ni jambo gani ambalo hakulisema, na mtu wa upande wa pili angejibu nini?

Tuirudie karatasi ya bibi. Dai lake ni kwamba atoe elfu hamsini. Sababu ya kwanza ni kurudishiwa fedha mara tatu. Sababu ya pili ni maelfu walionufaika. Ushahidi? Hakuna jina la hata mmoja wa maelfu hayo, wala mahali pa kumwulizia. "Nafasi ni chache" na "mwenye busara hachelewi" si sababu hata kidogo. Ni kumsukuma mtu ili asifikiri. Lakini swali la nne ndilo linaloumbua karatasi nzima: hiyo laki ya ziada inatoka wapi? Haikutajwa biashara, wala shamba, wala kiwanda. Kama fedha za anayevuna leo ni zile za anayepanda leo, basi siku wapandaji wakikoma, wa mwisho hawavuni kitu. Nchi yetu inalikumbuka somo hilo. Mwaka 2009 Serikali ilipousimamisha mpango wa DECI, uliokuwa ukiwahimiza watu kupanda mbegu za fedha na kuvuna, wananchi wengi walikuwa wamekwisha kupanda. Miongoni mwao walikuwamo watu waliosoma. Walikuwa na ushahidi wa aina moja tu, yaani jirani aliyelipwa. Kweli alilipwa. Lakini kulipwa kwa jirani kunathibitisha kwamba jirani alilipwa. Hakuthibitishi kwamba wewe nawe utalipwa.

Ndugu msikilizaji, usidhani kwamba ujuzi huu ni wa kujikinga na matapeli peke yake. Hapa hapa mlimani umewahi kubeba haki ya watu hadi ng'ambo ya bahari.

Mwaka 1947 ilitolewa taarifa ya Jaji Wilson kuhusu ardhi za Arusha na Moshi. Kutokana na mapendekezo yake, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliamua kuwahamisha Wameru kutoka Ngare Nanyuki ili eneo hilo liwe la walowezi wa Kizungu wenye kufuga ng'ombe. Hoja yake ilikuwa na nguzo zake: kwamba ufugaji wa kisasa ungeleta maendeleo, kwamba Wameru wangepewa ardhi nyingine upande wa Kingori, na kwamba wangelipwa fidia. Mtu akiisoma haraka aweza kuiona ni hoja ya haki.

Wameru hawakuisoma haraka. Waliuliza: maendeleo ya nani? Ardhi hiyo ya Kingori inalingana na hii tunayonyang'anywa? Na nani aliyetuuliza kama tunataka kubadilishana? Wakaikataa fidia. Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu, na nyumba zao zikachomwa moto.

Hapo ndipo walipotumia kalamu. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na mkataba wa udhamini uliitaka Uingereza iheshimu haki za wenyeji katika mambo ya ardhi. Malalamiko ya Wameru yaliandikwa na kupelekwa huko, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Tazama nguvu ya hoja ile. Haikusema tu, "Tumeonewa." Ilisema: ninyi wenyewe mliahidi hivi, nanyi mmetenda vile. Maneno ya mtawala yalifanywa kuwa nguzo ya dai la mtawaliwa. Katika Baraza Kuu azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajika, kwa hiyo hawakurudishiwa ardhi yao kwa kura hiyo. Lakini kesi ya ardhi ya Meru ilijulikana duniani, na Watanganyika wengine wakaona kwamba mtawala naye aweza kutakiwa ajieleze.

Nauliza basi: ni somo gani la ufahamu lingefaa zaidi kwa mtoto wa Arusha kuliko hili? Mwalimu aandike ubaoni aya mbili fupi kwa maneno yake mwenyewe, moja ikiwa na hoja ya serikali ile na nyingine jibu la Wameru. Wanafunzi watafute madai, wazitenge nguzo na majani, kisha waseme ni nguzo ipi iliyo imara na ipi iliyooza.

Najua walimu watanijibu kwamba madarasa yamejaa na vitabu havitoshi. Ni kweli. Lakini kazi hii haihitaji vitabu sabini. Inahitaji aya moja ubaoni, au gazeti la juzi lililofungiwa maandazi. Barua za wasomaji, tahariri na matangazo ya biashara yote yanafaa. Wanafunzi wafanye kazi wawili wawili, mmoja akionyesha dai na mwenzake akionyesha sababu.

Aidha, lugha yetu yenyewe inatusaidia. Mtoto afundishwe kupigia mstari maneno kama "kwa sababu", "kwani" na "kwa hiyo". Hayo ndiyo maungio ya hoja. Afundishwe kusimama kila aonapo "inasemekana", "wataalamu wanasema" au "kila mtu anajua", akauliza: nani hasa? Na afundishwe kuvitazama vitenzi vinavyomficha mtendaji. Tangazo likisema "imeamuliwa", ni nani aliyeamua? Likisema "imethibitishwa", nani aliyethibitisha, na wapi? Sarufi ambayo mwanafunzi huiona ni adhabu hapo hugeuka kuwa taa.

Shule zetu zina desturi nzuri ya midahalo. Mjini ni bora kuliko kijijini; elimu ni bora kuliko fedha. Midahalo humpa mtoto ujasiri wa kusema, nami siidharau. Lakini katika mdahalo makofi huhesabiwa kuwa ushindi, na maneno yakishasemwa yamepotea hewani. Maandishi hayakimbii. Unaweza kuyarudia mara tatu, ukaweka kidole penye sentensi moja na kuuliza, "Hii inashikilia nini?" Kwa sababu hiyo, mdahalo ungefuatwa na kazi ya kuandika na kuchambua, tena kwa Kiswahili kwanza, kabla mtoto hajaingia sekondari na kulemewa na msamiati wa Kiingereza.

Yuko mzazi anayeniuliza sasa hivi, "Mtoto akizoea kuhoji kila kitu, si atakuwa mjeuri nyumbani?" Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba kazi hii ikifundishwa vizuri huleta adabu. Sharti lake la kwanza ni hili: kabla hujaikosoa hoja ya mtu, ieleze kwanza kwa namna ambayo mwenyewe angesema, "Naam, ndivyo nilivyosema." Mtoto aliyezoea sharti hilo hujifunza kumsikiliza mwenzake hadi mwisho. Hujifunza pia kwamba mtu aweza kuwa mwema na hoja yake ikawa dhaifu, na kwamba mtu usiyempenda aweza kuwa na hoja ya kweli. Aidha, Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule zijenge akili yenye kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine, kisha kukataa au kukubali kwa kupima mahitaji yetu wenyewe. Hakuona kwamba udadisi huo unapingana na heshima.

Nimalizie kwa yule bibi. Sikumwambia afanye nini. Nilimwambia binti tu, "Isome tena, kisha mweleze bibi yako fedha za kuvuna zinatoka wapi." Akasoma tangu juu hadi chini, safari hii polepole, kidole chake kikifuata mistari. Akageuza upande wa pili, ulikuwa mtupu. Akainua macho, akasema, "Bibi, hawakusema."

Bibi akaikunja karatasi, akaitia chini ya birika.

Msikilizaji mpendwa, leo jioni mpe mtoto wako kipande chochote cha gazeti, umwulize maswali yale manne. Hadi juma lijalo panapo majaliwa, kwaheri.